Hija ya siku nne kusini: Nyangao, Ndanda, Lukuledi, na swali la Kilwa

Swali: "Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mwenyekiti wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) katika parokia moja hapa Mtwara mjini. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichangishana tuende hija Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, na kila mwaka pesa haitoshi. Safari hii akina mama wameamua tuhiji huku huku kwetu kusini: abasia, makanisa ya zamani na miji ya kale. Tutakuwa kama arobaini, wengi tumevuka miaka hamsini, na tuna siku nne tu. Tuanzie wapi? Na je, ni sawa kuziweka Kilwa na Mikindani kwenye hija ya Wakatoliki, wakati historia ya kule ni ya misikiti na biashara ya watumwa? Baadhi ya wenzangu wanasema huo utakuwa utalii tu."

Milele amina, mama.

Nianze na wale wanaoiona safari hii kuwa ya waliokosa nauli ya Uganda. Mkristo wa Mtwara au Lindi anayehiji mbali bila kuwahi kupiga magoti Nyangao ameruka mlango wa nyumba ya mama yake. Huku kwetu kuna watu waliokufa kwa ajili ya imani, kuna watawa wanaosali mchana na usiku kwa zaidi ya miaka mia moja, na kuna makaburi ya wazee wetu waliokufa katika Vita vya Majimaji, vilevile vilivyowaua wamisionari. Hayo yote yako kwenye barabara moja ya lami ambayo wengi wenu mmeipita mara nyingi mkienda Masasi kwenye misiba na harusi.

Kwa siku nne, shikeni barabara inayotoka Mnazi Mmoja, njia panda ya karibu na Lindi, kwenda Masasi, na mlale Ndanda, kwenye abasia ya watawa Wabenediktini. Mikindani iwemo, tena iwe ya kwanza. Kilwa nayo ina haki yake, ila haiingii katika siku nne. Nitaifikia.

Mwaka wa kuubeba moyoni ni 1905. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, walifika nchini mwaka 1888 na kuanza Pugu, ambako misheni yao ilivamiwa na kuharibiwa Januari 1889. Hawakukata tamaa. Mwaka 1895 walifungua Lukuledi, na baadaye Nyangao. Wakati huohuo serikali ya Wajerumani ilikuwa ikiwabana watu kwa kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa mapema Agosti, lakini moto ulikuwa umeshasambaa hadi Liwale na bonde la Lukuledi.

Katika siku hizo Askofu Cassian Spiss, yuleyule aliyeianzisha Peramiho mwaka 1898, alikuwa njiani kutoka Kilwa kuelekea bara. Alifuatana na Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Tarehe 14 Agosti, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, waliuawa wote watano Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale. Wiki mbili baadaye vita vilifika Nyangao. Wamisionari walikimbia kuelekea Lindi. Sista Walburga Diepolder akapotezana na wenzake, naye akauawa tarehe 28 Agosti. Nyangao na Lukuledi zikaharibiwa. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini walianza tena, safari hii Ndanda, chini ya miinuko ya Makonde.

Mama, hadithi hii mara nyingi husimuliwa upande mmoja. Watu husimama mbele ya msalaba, wakawalilia Wazungu sita, wakapanda gari. Lakini baada ya hapo jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini nzima, na makadirio ya wanahistoria ya waliokufa yanafika hadi watu 300,000, wengi wao kwa njaa. Hao ni babu na bibi wa mahujaji wako. Kwa hiyo nawasihi: Nyangao mkisali, someni majina ya wale sita kwa sauti, kisha mkae kimya kwa muda wa kutosha kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Kiongozi wenu asiseme "wapagani waliwaua watakatifu". Waliochukua mikuki walikuwa na kilio cha haki, na waliouawa hawakuwa wao walioamuru pamba ilimwe. Hija inayoweza kubeba mambo haya mawili pamoja ni hija ya watu wazima.

Hapo kuna jambo la kiliturujia ambalo vikundi vingi hukosea. Tunawaita mashahidi, na kwa heshima tunafanya vyema, lakini Kanisa bado halijawatangaza wenyeheri wala watakatifu. Msiwaweke kwenye litania wakati wa Misa. Padre wenu anaweza kuadhimisha Misa ya kuwaombea marehemu na kuwataja kwenye nia. Mtu mmoja mmoja kuwaomba watuombee, kimoyomoyo, hakuna anayemkataza.

Sasa njia yenyewe. Siku ya kwanza anzeni na Misa ya alfajiri katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Najua wengine wenu mnasali hapo kila Jumapili na mmeshazoea kuta zile. Ziangalieni upya. Ukuta wa mbele na wa pembeni umejaa habari za Biblia zilizochorwa na Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, kazi iliyomchukua takribani miaka miwili. Mkono huohuo ulichora makanisa mengine ya kusini, yakiwemo ya Nyangao na Lindi, kwa hiyo mtakutana naye tena njiani. Mwombeni katekista awasomee picha moja baada ya nyingine, polepole. Akina mama wasioona vizuri maandishi ya Biblia watakuwa na Biblia yao siku nzima.

Kutoka hapo Mikindani ni kilomita kumi hivi. Teremkeni kwenye gari, tembeeni kwa miguu katika vichochoro vya nyumba za matumbawe, mtazame milango ya nakshi na roshani za juu. Hapa ndipo David Livingstone aliposhukia mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Mkitaka kuingia, ombeni ruhusa kwanza. Mikindani ni mji wa Waislamu wanaoishi, wenye misikiti inayosali. Jifungeni kanga zenu vizuri, msimpige mtu picha bila kumwomba, na kama siku yenu ya kwanza ni Ijumaa, muwe mmeshaondoka kabla ya sala ya adhuhuri ili msizibe njia ya watu wanaokwenda kusali.

Kwa nini hili liwe hija? Kwa sababu kutoka bandari hizi za kusini watu waliuzwa. Rozari ya Matendo ya Uchungu ikisaliwa Mikindani, tena kwa sauti ndogo bila spika wala ngoma, si utalii. Wanaotaka kupiga picha za mlango watapiga, hakuna ubaya, kisha wasali.

Mkikunja Mnazi Mmoja na kuipita Mtama mtafika Nyangao mchana. Hospitali ya pale ina jina la Mtakatifu Walburga, jina alilolibeba yule sista aliyeuawa. Wengi hutaka kuwatembelea wagonjwa. Ni tendo la huruma, ila watu arobaini wodini ni usumbufu. Andikeni mapema, chagueni watano, wapeleke sabuni na sukari mliyochanga. Wengine wabaki kanisani mbele ya michoro na kusali. Ukitoka Nyangao unapita Mahiwa, ambako Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana moja ya mapigano makali kuliko yote ya Vita vya Kwanza katika Afrika Mashariki. Waafrika ndio waliojaza majeshi ya pande zote mbili, na ndio waliobeba mizigo. Salamu Maria moja garini inatosha hapo.

Ndanda muingie kabla ya Masifu ya Jioni, na mlale usiku wa siku mbili au tatu, msilale mmoja tu. Hapa ndipo sikubaliani na ratiba nyingi nilizoonyeshwa, zinazoiweka Ndanda kuwa mahali pa kula chakula cha mchana na kununua rozari. Abasia haionekani kwa kuzunguka majengo. Unaiona ukikaa ukasikia kengele ikiwaita watawa tena, na tena, na tena. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inasema wageni wote wanaofika wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na Wabenediktini huichukulia sentensi hiyo kwa uzito. Nanyi uchukulieni ugeni kwa uzito huohuo: mkifika, muulizeni mhudumu wa wageni saa za sala, mkae kimya baada ya Sala ya Mwisho, na simu zizimwe.

Siku ya pili nzima iwe ya hapo, na isijazwe. Masifu ya Asubuhi na Misa pamoja na watawa. Kisha makaburini, kwenye misalaba ya mabruda, mapadre na masista, wengi wao waliokuja vijana na kuzikwa katika udongo wetu. Mwelezeni kila mama asome majina matatu na kuyaombea. Asubuhi hiyo mpate muda wa kitubio. Mwombeni abati, mkuu wa abasia, mapema awapangie mapadre wawili, kwa kuwa watu arobaini hawaungami kwa padre mmoja kabla ya jua kuzama. Mchana mnaweza kuelezwa habari za hospitali na za Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, mmoja wa masista Wabenediktini wa Tutzing, aliyefanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1920. Nawaomba mkazie hili kwa binti zenu. Katika kizazi ambacho wanawake madaktari walikuwa wachache hata kwao Ulaya, mwanamke mtawa alikuwa akitibu watu wa miinuko hii. Na uchapaji wa Ndanda umetia vitabu vya sala na vya dini mikononi mwa Wakristo nchi nzima. Huenda kile ulichonacho mkobani kimetoka hapo.

Alasiri waacheni watu wapumzike. Najua utaambiwa "mama mwenyekiti, ratiba imelala". Ilale.

Siku ya tatu mna njia mbili, na msijaribu kuzifuata zote. Ya kwanza ni Lukuledi, upande wa pili wa Masasi mkielekea Nachingwea, misheni mama ya eneo hili. Hakuna mengi ya kutazama, na ndiyo maana naipenda kwa hija: mnasali mahali palipoanza, pakaharibiwa, pakaendelea. Ya pili ni Lupaso, wilayani Masasi, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa, Mkatoliki aliyesoma Ndanda, na alikozikwa Julai 2020. Kumwombea marehemu ni tendo la huruma, lakini lile ni kaburi la familia, ombeni ruhusa. Mimi ningechagua Lukuledi.

Kwa vyovyote mtapita Masasi, na hapo ningesimama kidogo kwa ndugu zetu Waanglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, aliwaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakapitia Lindi na kuanzisha kijiji chao cha Kikristo chini ya majabali ya Masasi. Mji ule una mzizi wa watu waliouzwa pwani kisha wakarudi bara wakiwa huru. Mmeanza safari Mikindani mkiwaombea watumwa. Hapa mnakutana na wajukuu wao. Mpeni taarifa kasisi wa Kianglikana, msalimiane, msali Baba Yetu pamoja. Hampungukiwi kitu katika Ukatoliki wenu.

Siku ya nne mtarudi kupitia Lindi. Ndiko walikokimbilia manusura wa 1905, na ndiko liliko kanisa kuu la jimbo. Misa ya kufunga hija iwe hapo, mle samaki, kisha nyumbani kabla ya giza.

Sasa Kilwa. Wenzako wanaosema kule ni kwa misikiti wana hoja, na nitaijibu bila kuipunguza. Kilwa Kisiwani ilikuwa dola ya Waislamu. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman katika karne ya 14. Ibn Battuta aliufika mji huo mwaka 1331, akausifu kwa uzuri wake. Amesimulia pia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, maskini alimwomba sultani huyo nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Sisi tunaomheshimu Mtakatifu Martino kwa nusu ya joho lake aliyompa maskini hatuwezi kusikia habari hiyo tukasema haituhusu.

Kisha wakaja Wakristo. Julai 1505 Francisco de Almeida, Mreno, aliuteka mji huo kwa mizinga. Wafransisko walishuka na misalaba miwili wakiimba Te Deum, wimbo wa kumshukuru Mungu, na baada ya hapo askari wakapora mali za watu. Ninaiandika habari hii kwa uchungu. Hata hivyo nataka akina mama waijue, kwa sababu msalaba tunaoubeba kwenye Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima uliwahi kushushwa pwani hii nyuma ya bunduki. Karne nne baadaye Askofu Spiss na wenzake wanne waliianzia Kilwa safari yao ya mwisho. Kwa hiyo ndiyo, Mkatoliki anaweza kuhiji Kilwa, lakini aende kutubu na kujifunza. Asiende kujivunia. Njia ya Msalaba haifai kufanyiwa ndani ya magofu ya msikiti. Fanyeni sala yenu Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na kisiwani tembeeni mkisikiliza. Yale ni magofu yaliyoandikwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na wenyeji bado wanaishi kando yake.

Sababu ya kuitenga ni umbali. Toka Lindi hadi Nangurukuru ni mwendo mrefu, bado kuna kipande cha kwenda Masoko, kibali cha serikali cha kuingia kisiwani, na mashua inayotegemea maji na upepo. Ongeza Kilwa Kivinje, bandari kubwa ya watumwa katika karne ya 19, na una siku tatu kamili. Ipangeni mwaka wa pili. Mkiwa na nguvu zaidi, mwaka wa tatu iwe Mikukuyumbu. Hiyo andikieni kwanza Jimbo la Lindi, maana ukishapita Nachingwea kuelekea Liwale barabara si ya kuwabeba watu wazima bila maandalizi.

Kuhusu tarehe, napendekeza wiki ya mwisho ya Agosti ili tarehe 28 iwakute Nyangao au Ndanda. Mvua zimekwisha, barabara ni kavu, na kazi ya kupuliza mikorosho kwa wengi inakuwa imeisha. Msithubutu kati ya Januari na Mei. Mnakumbuka Mei 2024 jinsi barabara ya Lindi kwenda Dar ilivyokatika maeneo ya Somanga. Michango lakini isingoje Agosti. Kusanyeni pesa za korosho zikiwa bado mkononi, mwisho wa mwaka, kwa mweka hazina mmoja na watia saini wawili, na kila anayelipa apewe risiti yake.

Coaster moja haitoshi watu arobaini, na kubanana kwenye viti vya kukunja kwa watu wa umri wenu ni kuwatesa. Chukueni basi, au coaster mbili zenye madereva wanaoijua njia. Wenye presha na sukari wabebe dawa za siku sita, na kadi za bima ziwe mikobani, zisibaki nyumbani kabatini. Simameni kujinyoosha na kwenda msalani kila baada ya saa moja na nusu. Chakula cha njiani hakisumbui huku kwetu: mtakula ming'oko, mihogo na korosho mpaka mshibe.

Barua ya utambulisho ya paroko iwepo, nakala tatu. Na barua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuulizia gari, iandikwe kwa mhudumu wa wageni wa abasia ya Ndanda, ikitaja idadi yenu, wangapi hawawezi kupanda ngazi, na ombi la mapadre wawili wa kitubio. Vitanda vyao vikikosekana tarehe hizo, sogezeni tarehe, msiipunguze Ndanda.